Nailoni Chini ya Saa ya Rubidi

Mwanangu Athman,

Salamu nimekupa tangu asubuhi, na kila nikikupa waitika huku umeuangalia ukuta. Haya, nakupa nyingine ya karatasi, uisome peke yako bila ya mtu kukutazama uso. Naiandika baada ya sala ya alasiri, hapa ukumbini, stima zimekatika, feni imesimama, na mkono wangu unanata kwenye karatasi kwa jasho. Wewe umetoka kwenda kuwaaga watu. Nasikia umeiaga Kibokoni nzima, hata yule mzee wa kahawa ambaye kila siku wamnung'unikia kwamba vikombe vyake havitakati. Yuko mtu mmoja hukumuaga, na sote wawili twamjua ni nani.

Kesho asubuhi wapanda treni, na ukifika Nairobi utaendelea kwa basi mpaka Lodwar, ukaangalie saa za minara ya simu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kuvaa kofia, wala za kuchagua marafiki. Hizo bibi yako atakupa mlangoni, tena atazirudia mpaka tuktuk ichoke kungoja. Mimi nataka kukuandikia habari ya kinyaa.

Ndiyo, kinyaa. Ndicho kilichonikaa kooni tangu siku ile nilipoifungua saa ya kazini. Nakula nacho, nalala nacho. Nikimwona meneja kazini naona kinyaa. Nikikuona wewe, mwana niliyekuzaa mwenyewe, umejinyoosha mkekani unachezea simu, naona kinyaa, Mungu anisamehe. Na nikijiona mimi kwenye kioo cha kabati, hapo ndipo kinazidi, najifunga mtandio nikatoka.

Nianze na nyumba hii, kwa sababu maradhi yetu yalianzia humu. Nyumba hii imelelewa na nailoni. Vile viti vya kijani vya ukumbini mama yangu alivinunua wewe hujazaliwa, na nailoni iliyokuja navyo kutoka dukani hakuivua hata siku moja. Mgeni akija siku ya joto, akikaa ananata, na akiinuka nguo hubanduka kwa sauti ya aibu, naye hujifanya anakohoa. Sisi wenyewe hatukuruhusiwa. "Kaani mkekani," bibi yako husema, "nyinyi mu wageni?" Rimoti ya televisheni ina nailoni. Friji lilikaa na nailoni mlangoni mpaka ikageuka njano. Siku moja niliibandua ile ya rimoti nikakuta mende wawili wadogo wamekauka ndani yake, wamelala sawa sawa juu ya kitufe cha sauti. Nilipiga kelele, nikaosha mikono mara nyingi, kisha, sikiliza vyema, nikaenda dukani nikanunua nailoni nyingine nikaifunga upya. Ndivyo tulivyo.

Nawe nilikulea hivyo hivyo. Shule zikikaribia kufunguliwa tulikaa mkekani na makasi na rundo la madaftari, karatasi ya kaki kwanza, nailoni juu yake. Nilikufundisha kukunja pembe: wakata mshazari, wakunja ndani, kisha wabonyeza kwa ukucha mpaka isibaki hata kiputo cha hewa. Nilikufundisha kwa ukali. Pembe ikitoka ovyo niliibandua nikakwambia anza tena, hata ukiwa walia. Babako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mwache mtoto, kitabu ni cha kusomwa. Nami nikimjibu kwamba yeye hajui thamani ya vitu. Mwalimu wako alikuwa akivishika vitabu vyako juu, darasa zima wavione, na mimi nikivimba kwa fahari hapa nyumbani.

Sasa saa. Nitakueleza kana kwamba huijui, maana siku ya kwanza nilipokueleza uliitikia "Naam, mama" kwa ile sauti yako ya mtu anayewaza chakula cha mchana.

Saa ya rubidi haina mishale wala uso. Ni kisanduku cha kutosha kiganjani, na kazi yake ni kupiga mapigo yasiyotofautiana, ili minara yote ya kisiwa iende kwa pamoja. Ndani yake mna kichupa cha kioo chenye mvuke wa madini ya rubidi, na kichupa hicho hukaa ndani ya tanuri dogo ambalo halitakiwi kupanda wala kushuka joto, mchana wala usiku. Hapo ndipo wengi hupotea. Wakisikia tanuri, wanadhani saa yataka kufunikwa isipoe. Wakisikia joto, wanadhani yataka baridi kama nyama ya buchari. Tanuri lile lajua kazi moja tu, kupasha. Kupoza halijui. Likizidi moto, hujizima likangoja joto litoke. Joto latoka kwa njia gani? Latoka chini, kwa tumbo la saa, likaingia kwenye lile bamba nene la alumini lenye mapezi, na bamba likalitawanya chumbani taratibu. Ukiziba tumbo lile, tanuri linabaki halina la kufanya. Limejizima, na bado joto linapanda. Tangu hapo saa haijishiki tena, yafuata hali ya chumba: mchana yaelekea huku, usiku kule.

Kwa hiyo tumbo la saa na uso wa bamba lazima vikutane, chuma kwa chuma. Palipo na mikwaruzo wapaka ile pesti nyeupe ya kupitisha joto, kidogo sana, uweze kuyaona maandishi ya bamba chini yake. Wako mafundi wanaoipaka nene kama siagi kwenye mkate, kisha wakafuta vidole kwenye ukuta, na hao nao wananitia kinyaa, lakini wao si habari ya leo.

Ilipokuja saa mpya, mimi nilikuwa Kwale kwa mazishi ya shangazi. Ukaifunga wewe. Ile ya zamani ulipoiinua ulikuta tumbo lake limeliwa na hewa ya chumvi, limefanya unga mweupe na vishimo. Najua ulivyofikiri, kwa sababu ningefikiri vivyo hivyo ningekuwa na umri wako na mama kama mimi. Uliionea huruma ile mpya. Ilikuwa yang'aa. Ukachukua nailoni safi, ukaivalisha tumbo zima ili chumvi isiiguse, kisha ukaiketisha juu ya bamba ukakaza skrubu. Niliporudi uliniambia, "Nimeifunga vizuri sana, mama, hata mwenyewe utafurahi." Nami sikuifungua kutazama. Nilikuwa na msiba, na nilikuamini.

Kwa muda mrefu hapakuonekana kitu. Saa ile ina antena juu ya paa, yapokea ishara za setilaiti, na kila ikipotoka kidogo ishara huirudisha kwenye mstari. Tabia ya mtu haijulikani akiwa bado yuko kwa mamake, na saa vivyo hivyo, haijulikani mpaka siku antena itakapokatika. Basi siku ikafika. Chumvi ikakila kiungo cha waya kule juu, ishara zikapotea, na saa ikabaki peke yake. Ilipasa ijishike mpaka tubadilishe waya, siyo kazi kubwa. Haikufika hata adhuhuri ya siku ile. Minara ikapotezana, simu zikawa zakatika mtu akiwa katikati ya neno. Unakumbuka tuliposhuka kununua waya, soko lote la Marikiti lilikuwa lapiga kelele kwenye simu zisizosikia, na yule mama wa ndizi akakuuliza wewe, kwa sababu ya sare yako, "Na nyinyi huko mwafanyani?"

Tuliporudi, meneja alikuwa ndani ya chumba cha saa, amesimama mbele ya kiyoyozi. Kioko naye alikuwapo. Amefanya kazi nami miaka mingi, ametoka Ukambani kijana akaoa hapa hapa, na wewe amekufundisha kushika bisibisi kabla hujaota ndevu. Mbele ya kiyoyozi palikuwa pamefungwa kipande cha kadibodi.

"Nani ameweka takataka hii?" meneja akauliza.

"Ni mimi, bosi," Kioko akasema. "Upepo wa baridi ulikuwa unapiga saa moja kwa moja. Kikiwaka inapoa, kikizima inapata joto. Nimeugeuza upepo upite pembeni."

"Yaani umeinyima saa baridi."

"Saa haitaki baridi, bosi. Inataka hali moja."

"Nenda nyumbani," meneja akamwambia. "Tutakuita."

Ile kadibodi nilimwambia mimi aiweke. Ni kazi sahihi, ningeiweka tena kesho. Nikasema, kwa sauti ndogo ambayo mpaka leo naionea haya, "Kadibodi ile ni amri yangu." Meneja akanigeukia na tabasamu lake la kuwapa watoto peremende. "Usimtetee, Bi Mwanakhamisi. Wewe moyo wako laini." Mimi, moyo laini! Nami nikanyamaza. Wewe ulikuwa mlangoni na bisibisi mkononi. Kioko alichukua kikombe chake cha chai, akakisuuza pale pale, akakitia mfukoni, akatoka. Alipita kati yetu wawili, akakugusa bega.

Siku ya pili kadibodi imeondolewa, waya wa juu bado haujaungwa na saa ingali yapotoka, nikaifungua nikiwa peke yangu. Nilipoiinua ilikuja na bamba kidogo kisha ikabanduka, kwa sauti ile ile ya viti vya bibi yako. Nailoni ilikuwa imeanza kugeuka rangi ya chai, yanata. Nikaipindua nikaziona pembe. Zimekatwa mshazari, zimekunjwa ndani, zimebonyezwa kwa ukucha bila ya kiputo cha hewa. Hakuna fundi duniani anayekunja vile ila wewe na mimi.

Nilikaa chini sakafuni, nikaona karaha. Ukidhani niliudhika na kosa, hukunijua. Kosa lilikuwa la mtu aliyependa kitu akakifunika, na aliyekufundisha ni mimi. Ningeweza kutoka pale pale, nailoni mkononi, nikamwambia meneja, ikawa aibu ya siku moja, tukacheka baadaye. Badala yake niliikunja. Niliikunja vizuri, Athman, kwa zile pembe zake, nikaitia ndani ya mkoba chini ya msahafu mdogo. Chini ya msahafu! Nikasafisha, nikapaka pesti, nikaiketisha saa chuma kwa chuma. Ilipofika magharibi ilikuwa imetulia kabisa.

Meneja akaja. "Mmeona? Tumeondoa kadibodi, saa imepona." Akakupiga bega lile lile alilogusa Kioko, akasema kijana huyu amehangaika na saa, kijana huyu atafaa Lodwar, nitampendekeza. Nawe ukasema, "Ahsante, bosi." Mimi nimesimama hapo, mkoba begani.

Nyumbani tukala wali na mchuzi wa samaki. Ukaniuliza bila ya kuinua uso, "Mama, uliona nini ndani?"

"Vumbi."

"Vumbi tu?"

"Vumbi tu. Ongeza mchuzi."

Bibi yako akatutazama, mmoja kisha mwingine, akasema leo samaki ana kitu gani mbona hamli. Ndiyo siku nilipojua kwamba wewe wajua, na wewe ukajua kwamba mimi najua, na sote tukaongeza mchuzi. Tangu siku ile hatujazungumza neno la maana humu ndani. Twaulizana habari ya stima na ya maji ya mfereji.

Nilidhani kunyamaza kwangu ni kukulinda. Ndivyo mama wengi tunavyoliita jambo hili, na mwenzangu yeyote akinijia na neno hilo sasa nitamwondosha mlangoni. Nilichokifanya ni kuziba. Joto la jambo lile halikwenda popote, lilibaki mle mle, nami nikawa nalimwaga kwa watu wasiohusika. Nimemfokea msichana wa maziwa. Nimemfokea muadhini kwa spika yake, Mungu anisamehe tena. Wewe nawe umekuwa mtu wa kupiga milango. Hapo zamani hukuwa ukipiga milango.

Juzi nikashindwa. Nikatoka kazini, badala ya kushika njia ya nyumbani nikakata kwenda kwa Kioko, Majengo. Kioko hajaitwa kazini mpaka leo, nadhani hilo wewe walijua, hata kama hukuuliza. Fundi yule ambaye mkono wake hautetemeki, siku hizi asukuma mkokoteni wa kabichi Marikiti. Nilimkuta amekaa nje ya nyumba, amerudi sasa hivi, shati limelowa. Mkewe alikuwa akimenya viazi vya kuuza jioni. Hakuinuka.

"Leo umepotea njia, Mama Athman," akasema. "Muda wote huu, hata salamu hukututumia."

Nilikaa kwenye ngazi nikasema yote: nailoni, mkoba, vumbi tu. Kioko alisikiliza akitazama magurudumu ya mkokoteni. Kisha akaanza kucheka. "Kumbe nailoni!" Alicheka mpaka mabega yakatikisika. "Mama, mimi nimelala macho nikijiuliza kama kweli ni ile kadibodi. Nimeanza kuamini ni mimi." Halafu kicheko kikakatika, akajifuta uso kwa shati, na sikuweza kujua afuta nini.

"Na Athman anasemaje?" akauliza.

"Hajui kama nimekuja."

"Basi umekuja nusu," Kioko akasema.

Mkewe akanipa maji. Nusu bilauri. Niliyanywa.

Jana nikamwendea meneja. Nilipomaliza kusema aliinuka akafunga mlango, akashusha sauti. Akasema mambo yametulia. Akasema wewe wasafiri, na ikianza kufukuliwa habari hii, nafasi ya Lodwar yaweza kukuponyoka hata hujafungua sanduku. Kisha akanitolea methali, yeye ambaye hajawahi kunitolea hata pole ya msiba: "Funika kombe mwanaharamu apite, Bi Mwanakhamisi." Nilimtazama mezani pake. Kompyuta yake ina nailoni ya kiwandani kwenye kioo, imechanika pembeni, na vumbi limeingia ndani. Nilitaka kucheka na nilitaka kumtemea mate, sikufanya lolote. Nilimwambia kwamba Jumatatu kwenye mkutano wa mafundi nitasimama niseme mbele ya wote, ya kwangu na ya kwako, kwa sababu ya kwako haitengani na ya kwangu. Sikukuuliza ruhusa. Ndiyo maana nakwambia leo, usije ukafika Lodwar ukaikuta habari imekutangulia ukadhani mamako alikuzunguka kisogoni. Huenda wakakurudisha. Huenda wasikurudishe, maana huko hakuna anayekimbilia kwenda. Sijui, na sitakudanganya kwamba najua.

Wajua nilivyoitaka nafasi hii kwako. Nilikwisha kukuona kule, umefika mwenyewe, umefungua kibanda cha mnara kwenye jua lile, umeweka kiganja kwenye bamba kabla ya kutazama kipimo chochote, kama nilivyokufundisha: kiganja kikivumilia, saa yapumua. Kule joto la nje lenyewe litakuwa karibu na la tanuri, na hakutakuwa na Kioko wala mimi. Utahitaji bamba zito zaidi, na kivuli, na subira, na mtu wa kukwambia ukweli hata kama ni mlinzi wa mnara. Ukimfanya mlinzi yule aogope kusema, saa zako zitapotea moja baada ya nyingine, na utabaki kulaumu jua.

Hii leo, stima zilipokatika, nilichukua makasi nikavikata viti vya bibi yako. Alipiga ukelele ambao nadhani Ngome ya Yesu waliusikia. "Wewe mwana una wazimu! Viti vyangu vya wageni!" Nikamwambia mama, wageni wenyewe wawapi, wote wamekufa wakinata. Nilivua kiti cha kwanza, cha pili, vyote. Chini yake kitambaa ni kijani kile kile, kipya, hakuna mja aliyewahi kukikalia. Alinuna, akazunguka, akarudi, mwisho akakaa. Akapapasa mkono wa kiti. "Kumbe ni laini," akasema. Yuko hapo mpaka sasa, amesinzia, mdomo wazi. Ukirudi mkute, ukae naye kidogo hapo kabla ya kulala.

Sasa lile unalolingoja. Bibi yako amenisimanga wiki nzima, "Mpe mwana radhi yake, yuwasafiri." Na leo asubuhi wewe mwenyewe ulisimama mlango wa jikoni ukaniuliza, "Mama, hunambii kitu?" Nikakujibu kwamba mahamri yataungua. Hayakuwa yanaungua. Nilikuwa nimeshikilia radhi kama mtu ashikavyo nauli, nikusubiri kwanza uende Majengo ndipo nikupe. Nikaliona hilo nalo ni la kuchukiza. Nimekwisha kumfungia Kioko riziki yake kwa sababu yako, sitakufungia wewe radhi kwa sababu yake.

Radhi yangu unayo, Athman. Nimekutolea tangu ulipokuwa hujui kutembea na sijawahi kuirudisha, hata wiki hizi nilipokuwa siwezi kukutazama. Ukienda Majengo unayo, usipokwenda unayo. Wakikuachia Lodwar, wakikurudisha kusukuma mkokoteni ubavuni mwa Kioko, unayo. Mungu akuongoze, akupe kazi ya halali na usingizi wa halali.

Ila stesheni sitakuja. Kesho nikimaliza sala ya alfajiri nitatoka na birika la chai na mahamri, niende Majengo nikakae na Kioko na mkewe kabla hajachukua mkokoteni. Ile nusu yangu ishakwenda, lakini nimeona nisiwaache peke yao tena. Tuktuk ya stesheni yapita njia ile ile, mbele ya mlango wao. Nailoni nimeiweka juu ya sanduku lako, na pembe zake bado zimekunjwa. Ukiona waweza, shuka uingie nayo. Usipoweza, nitaisikia tuktuk ikipita, nitakuombea dua, na nitammiminia Kioko chai yake.

Vikombe nabeba vinne.

Mamako,
Mwanakhamisi